Taya Linapovunjika: Upasuaji wa Kufungua na Upasuaji wa Endoskopi

Malengo ya somo hili

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji wa huduma ataweza:
1. kutambua dalili za taya lililovunjika na kuchukua hatua za kwanza;
2. kueleza tofauti kati ya matibabu ya kufunga meno, upasuaji wa kufungua na upasuaji wa endoskopi;
3. kupima faida na hasara za kila njia kulingana na mahali mfupa ulipovunjika;
4. kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa na kabla ya kulipa.

Utangulizi

Mtu akivunjika mguu, ndugu na jirani huona mara moja kwamba hawezi kutembea. Akivunjika taya, mara nyingi huonekana amevimba tu. Hupewa dawa ya maumivu, huambiwa apumzike, na siku kumi baadaye hugundua kwamba meno yake hayakutani tena kama zamani. Kwa sababu hiyo, wengi hufika kwa daktari bingwa wakiwa wamechelewa, wana hofu, na wako tayari kukubali lolote watakaloambiwa.

Katika hali hiyo ndipo mgonjwa anapotajiwa njia mbili za upasuaji: ya kufungua, ambayo imezoeleka, na ya endoskopi, ambayo husifiwa kuwa ya kisasa na isiyoacha kovu. Tunaandika somo hili kwa sababu neno «kisasa» halitoshi kuwa msingi wa uamuzi. Kwa baadhi ya majeraha, endoskopi ina faida ya kweli. Kwa mengine, mgonjwa hulipia chombo ambacho hakimwongezei kitu. Tofauti hiyo inaweza kueleweka na mtu yeyote, hata asiyesomea udaktari.

Taya lilivyo na linavyovunjika

Taya la chini lina umbo la kiatu cha farasi. Mbele kuna kidevu. Pembeni kuna mwili wa taya unaobeba meno. Nyuma, chini ya sikio, kuna kona ya taya. Na kutoka kwenye kona mfupa hupanda juu hadi mbele ya sikio. Huko juu mfupa hupungua na kuwa shingo nyembamba yenye kichwa kidogo kinachoingia kwenye kiungo cha fuvu. Ukiweka kidole mbele ya sikio na kufungua kinywa, utahisi kichwa hicho kikisogea.

Ajali za barabarani, hasa za pikipiki, ni miongoni mwa visababishi vikuu vya majeraha haya katika Afrika Mashariki. Vingine ni vipigo, kuanguka na michezo. Jambo la kukumbuka ni kwamba taya linaweza kuvunjika mbali na pale lilipogongwa. Mtu akianguka na kupiga kidevu sakafuni, nguvu husafiri hadi juu na kuvunja shingo ya taya, upande mmoja au pande zote mbili. Kwa hiyo jeraha dogo la kidevu lililoshonwa nyuzi tatu laweza kuficha mfupa uliovunjika karibu na sikio.

Dalili za kuangalia ni hizi: meno kutokutana kama kawaida; kinywa kufunguka kwa shida au taya kwenda upande mmoja linapofunguka; maumivu mbele ya sikio; ganzi kwenye mdomo wa chini na kidevu; michubuko chini ya ulimi; meno kulegea; na damu kutoka sikioni. Dalili hii ya mwisho isichukuliwe kirahisi, kwani yaweza kutoka kwenye taya lakini pia yaweza kuwa ishara ya fuvu lililovunjika.

Hatua za kwanza ni chache. Hakikisha majeruhi anapumua. Kama yu macho na hana dalili ya kuumia shingo, mwache akae ameinama mbele ili damu na mate vitoke badala ya kuingia kooni. Usimpe chakula. Jino la mtu mzima lililong'oka likamatwe kwenye taji, si kwenye mzizi, liwekwe katika maziwa na kupelekwa naye hospitalini. Aliyepata kidonda aulizie chanjo ya pepopunda.

Njia tatu za matibabu

Mara nyingi mgonjwa hutajiwa njia mbili tu, ilhali zipo tatu.

Njia ya kwanza ni kufunga meno bila kupasua. Daktari hufunga waya kwenye meno ya juu na ya chini, kisha huyaunganisha kwa waya au raba ili meno yakutane sawasawa wakati mfupa unapona. Mvunjiko wa mwili wa taya huhitaji takribani wiki nne hadi sita. Mvunjiko wa shingo ya taya hufungwa kwa muda mfupi zaidi, kisha mgonjwa huanza mazoezi kwa msaada wa raba, kwa sababu kiungo kinachokaa bila kusogea kwa muda mrefu huweza kukakamaa. Njia hii haina kovu na haigusi neva ya uso. Hasara yake ni kwamba mgonjwa hula vyakula vya majimaji, hupungua uzito, na hupata shida kusafisha kinywa na kuzungumza. Aliyefungwa waya lazima awe na mkasi wa kukatia waya karibu naye wakati wote, na jamaa zake wafundishwe kuutumia akitapika.

Njia ya pili ni upasuaji wa kufungua. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, daktari hukata ngozi au ufizi hadi aone mfupa, hurudisha vipande mahali pake, kisha huvifunga kwa vibamba vidogo vya titani na skurubu. Kwa mvunjiko wa kidevu na mwili wa taya, mkato kwa kawaida hupitia ndani ya kinywa, hivyo kovu halionekani. Kwa mvunjiko wa shingo ya taya, mkato mara nyingi hupita nje: mbele ya sikio, nyuma ya taya au chini ya kona yake. Faida yake kubwa ni kwamba daktari anaona kwa macho yake. Hatari yake ni kwamba njia hiyo hupita karibu na matawi ya neva ya uso na tezi ya mate iliyo mbele ya sikio.

Njia ya tatu ni upasuaji wa endoskopi. Endoskopi ni mrija mwembamba wenye lenzi na taa, uliounganishwa na kamera na skrini. Ule unaotumika sana kwenye taya una unene wa milimita 4 na lenzi inayotazama kwa pembe ya nyuzi 30. Daktari hukata ndani ya kinywa, au hufanya mkato mdogo chini ya kona ya taya, huingiza mrija huo na kufanya kazi akitazama skrini. Skurubu hufungwa kwa bisibisi yenye pembe au kupitia tundu dogo kwenye shavu. Njia hii ilianza kuelezwa katika majarida ya upasuaji mwishoni mwa miaka ya 1990.

Hapa tunasisitiza jambo moja: kinachowekwa ndani ni kile kile. Endoskopi si dawa wala si aina bora ya chuma. Ni njia ya kufika kwenye mfupa na kuuona. Mfupa uliorudishwa sawasawa na kufungwa imara hupona kwa namna ile ile, njia yoyote iliyotumika.

Ulinganisho

Kovu. Upasuaji wa kufungua kwa nje huacha kovu, ingawa madaktari hulipitisha kwenye mkunjo wa ngozi ili lisionekane sana. Endoskopi kupitia kinywani huacha kovu lisiloonekana, au alama ndogo shavuni. Mtu ambaye ngozi yake hutengeneza makovu yaliyovimba aliseme hilo mapema, kwani kwake tofauti hii ni kubwa.

Neva ya uso. Neva hii ndiyo inayofunga jicho, kuinua nyusi na kusogeza pembe ya mdomo. Katika upasuaji wa kufungua kwa nje, tawi lake laweza kuvutwa na kulegea. Mara nyingi ulegevu huo huisha baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Wa kudumu ni nadra, lakini upo. Endoskopi hupunguza hatari hii bila kuifuta kabisa, maana tishu bado huvutwa na tundu la shavuni nalo hupita eneo lenye neva.

Muda wa upasuaji. Endoskopi huchukua muda mrefu zaidi, hasa kwa daktari ambaye bado anajifunza. Muda mrefu humaanisha dawa ya usingizi kwa saa nyingi zaidi na gharama kubwa zaidi ya chumba cha upasuaji.

Utendaji wa taya. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, wagonjwa wenye mvunjiko wa shingo ya taya waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya njia ya wazi ya nje na ile ya endoskopi. Utendaji wa taya katika makundi hayo mawili ulilingana. Endoskopi ilichukua muda mrefu zaidi, lakini iliacha madhara machache zaidi ya neva na makovu. Kwa hiyo anayeahidiwa kwamba atatafuna vizuri zaidi kwa sababu ya endoskopi anaahidiwa jambo lisilothibitishwa. Anayeambiwa kwamba atapunguza uwezekano wa kovu na udhaifu wa uso anaambiwa kweli.

Je, upasuaji wenyewe unahitajika? Swali hili hutangulia mengine yote. Jaribio jingine la vituo kadhaa, lililochapishwa mwaka 2006, lililinganisha upasuaji na kufunga meno bila kupasua kwa mivunjiko ya shingo ya taya iliyopinda nyuzi 10 hadi 45 au kufupisha mfupa kwa milimita 2 au zaidi. Makundi yote mawili yalipata matokeo yanayokubalika, ila waliofanyiwa upasuaji walipata nafuu bora zaidi. Mfupa ambao haukusogea, na meno yakiwa bado yanakutana, waweza kupona bila kisu. Kwa watoto wadogo madaktari huegemea zaidi matibabu yasiyo ya upasuaji, kwa kuwa mfupa wao bado unakua na hujirekebisha.

Mahali palipovunjika huamua mengi

Kama mvunjiko uko kwenye kidevu au mwili wa taya, mkato wa kawaida wa ndani ya kinywa tayari hauachi kovu la nje. Hapo endoskopi huongeza kidogo sana au haiongezi kitu. Mgonjwa akitozwa gharama yake, aombe maelezo.

Kama mvunjiko uko chini ya shingo ya taya, na kipande cha juu hakijaingia upande wa ndani, hapo ndipo endoskopi inapofaa zaidi. Mivunjiko ya namna hii ni mingi, kwa hiyo si njia ya kupuuzwa.

Kama mfupa umesagika vipande vingi, au umevunjika juu kabisa kwenye kichwa cha kiungo, au kipande cha juu kimeelekea ndani, endoskopi huwa ngumu na daktari mwangalifu anaweza kupendekeza njia ya kufungua au matibabu bila upasuaji. Vivyo hivyo kwa mvunjiko uliochelewa. Baada ya takribani wiki mbili, mfupa huwa umeanza kushikana vibaya, na kuurudisha mahali pake kupitia njia nyembamba huwa kazi ngumu.

Ili kujua haya yote, picha inahitajika. Picha ya eksirei ya taya nzima pamoja na ya mbele au nyuma ya kichwa huonyesha mengi. Picha ya CT huonyesha zaidi, hasa kwenye shingo na kichwa cha taya. Usikubali uamuzi wa njia ya upasuaji uliotolewa kabla ya picha.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka 26. Alianguka jioni, akashonwa kidevu katika zahanati na kurudi nyumbani. Siku ya nne meno yake ya upande wa kushoto yanagusana kabla ya yale ya kulia, na kinywa kikifunguka huenda kushoto. Anafika hospitali ya rufaa. Picha ya CT inaonyesha mvunjiko chini ya shingo ya taya upande wa kushoto, umepinda, na mwingine kwenye kidevu ambao haukusogea sana.

Kituo kimoja kinampa upasuaji wa kufungua keshokutwa. Kingine, kilicho mbali, kina endoskopi, lakini nafasi ni baada ya wiki tatu, na gharama ni kubwa zaidi. Je, asubiri?

Tukifuata tulichojifunza, kidevu chake kitafungwa kupitia kinywani katika kituo chochote. Hapo hakuna tofauti. Kwa shingo ya taya, endoskopi ingempunguzia hatari ya kovu na ya neva, lakini wiki tatu zingeufanya mfupa ushikane vibaya na huenda endoskopi yenyewe isiwezekane tena. Akisubiri anaweza kupoteza faida zote mbili. Uamuzi wa busara ni kukubali njia ya kufungua mapema, mikononi mwa daktari aliyeizoea. Kama vituo vyote viwili vingekuwa na nafasi wiki hiyo hiyo, na daktari wa endoskopi ana uzoefu, basi hesabu ingebadilika, naye angekuwa na haki ya kulipia faida hiyo akipenda.

Kutokana na mfano huu twapata kanuni ya kukumbuka: kwanza uliza kama upasuaji unahitajika; pili, uliza nani ataufanya na lini; chombo kije mwisho.

Haki zako na maswali ya kuuliza

Ridhaa haiishii kwenye saini. Ridhaa ni maelezo uliyoyaelewa, katika lugha unayoijua, pamoja na nafasi ya kukataa. Isipokuwa pumzi imezibwa au damu haikomi, taya lililovunjika kwa kawaida huruhusu siku chache za kufikiri na kutafuta maoni ya daktari wa pili. Uliza haya:

1. Mfupa wangu umevunjika wapi, na umesogea kiasi gani? Naomba unionyeshe kwenye picha.
2. Nini kitatokea nikitibiwa bila upasuaji?
3. Kwa mvunjiko huu, endoskopi inaniongezea nini hasa?
4. Wewe mwenyewe umefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi?
5. Endoskopi ikishindikana katikati, je, mtafungua? Jambo hilo limeandikwa kwenye fomu ya ridhaa? Gharama itabadilikaje?
6. Neva ya uso ikilegea, nitafuatiliwa vipi na kwa muda gani?

Tanzania Bara, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili madaktari na madaktari wa meno. Mgonjwa anayo haki ya kujua kama anayemtibu amesajiliwa. Bingwa wa majeraha haya ni daktari wa upasuaji wa kinywa, taya na uso.

Kuhusu gharama, omba makadirio ya maandishi kabla ya kulazwa, yakitenganisha picha, chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, ada ya daktari, vibamba na skurubu kwa idadi, matumizi ya endoskopi, wodi na marudio. Jumla isiyo na mchanganuo haiwezi kulinganishwa na nyingine. Mwenye bima aulize mapema, kwa maandishi, kama mfuko wake unalipia vibamba na endoskopi. Kumbuka pia gharama zisizo kwenye ankara, yaani nauli, siku bila kazi na chakula maalumu.

Kuhusu vifaa, vibamba na skurubu ni vifaa tiba vinavyobaki mwilini. Vinapaswa kuwa na lebo yenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Omba taarifa hizo ziandikwe kwenye jalada lako, nawe ubaki na nakala. Titani haivutwi na sumaku, na kwa kawaida vibamba havitolewi isipokuwa vikileta maambukizi au usumbufu. Usikubali kununua vibamba kwa mtu wa kati asiyetoa risiti. Kasoro ikitokea, hutakuwa na njia ya kufuatilia chanzo chake.

Baada ya upasuaji

Vibamba vikifungwa imara, mgonjwa anaweza kufungua kinywa mapema, lakini kutafuna vigumu husubiri takribani wiki sita. Uji, mtori, supu iliyosagwa, maziwa na mayai laini hufaa. Safisha kinywa kwa brashi laini na maji ya chumvi kila baada ya kula. Acha sigara, kwani huchelewesha kupona. Fanya mazoezi ya kufungua kinywa kama ulivyoelekezwa. Watu wazima wengi hufikia upana wa vidole vyao vitatu.

Rudi hospitalini bila kungoja tarehe ukiona usaha, homa, uvimbe unaoongezeka, meno kuacha kukutana, au jicho lisilofunga. Mate yakivuja kwenye kidonda mbele ya sikio, rudi pia. Hali hiyo hutibika.

Maswali ya kujipima

1. Mtu ameshonwa kidevu baada ya kuanguka. Ni wapi pengine panapopaswa kuchunguzwa, na kwa nini?
2. Kwa nini endoskopi haina faida kubwa kwa mvunjiko wa kidevu?
3. Taja jambo moja ambalo endoskopi inapunguza, na jambo moja ambalo haijathibitishwa kuboresha.
4. Jirani yako ameambiwa asubiri wiki nne ili apate upasuaji wa kisasa. Ungemshauri aulize nini kwanza?

Hitimisho

Uso ndio tunaokutana nao na wenzetu kila siku, na taya ndilo linalotulisha na kutuwezesha kusema. Si ajabu mgonjwa akaogopa kovu kuliko mvunjiko wenyewe. Hatumshauri mtu yeyote akatae endoskopi, wala aikimbilie. Tunamshauri afike mapema, aone picha yake, aulize, aandikiwe, kisha achague. Mgonjwa aliyeelewa mahali mfupa wake ulipovunjika hawezi kuuziwa kwa urahisi kitu asichokihitaji, wala hatakikosa kile kinachomfaa.